Marehemu Anatudai Nini?

Masomo: Isaya 22:15-19, Mwanzo 23, 2 Samweli 21:10-14



Kwenye Isaya 22 kuna afisa mmoja wa serikali ambaye sisi wahubiri huwa tunampita haraka tukikimbilia Eliakimu na ule ufunguo wa nyumba ya Daudi. Anaitwa Shebna. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme, na kosa analotajiwa pale si wizi wala mauaji. Nabii anatumwa kwake kwa sababu ya kaburi. Shebna alikuwa anajichongea kaburi juu kwenye mwamba, mahali ambapo mpita njia lazima ainue macho aulize huyu ni nani. Swali analopelekewa ni kama lile ambalo mwenye shamba humuuliza mvamizi: wewe ni wa nani hapa? Halafu anaambiwa atarushwa kama mpira hadi nchi ya mbali, na huko ndiko atakakofia. Kaburi alichonga, kulala humo asilale.

Tulisoma habari hiyo kwenye ibada ya Jumatano, na kijana mmoja akauliza swali zuri kuliko mahubiri yangu. Alisema hivi: "Pasta, kama Mungu alichukizwa na kaburi la Shebna, mbona Abrahamu alilipa shekeli 400 za fedha anunue pango la kumzika Sara na hakuna nabii aliyetumwa kumkemea?" Niliahidi kujibu kwa maandishi. Nimechukua wiki tatu, kwa sababu swali hilo linagusa jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa mfuko na kwa machozi: mtu akifa, anatudai nini?

Wacha nianze mbali kidogo, Ethiopia.

Mwaka 2019 nilikuwa Addis Ababa kwa kongamano la vijana, na baada ya hapo tukapanda ndege, wachungaji watano, hadi Aksum. Ni mji wa kaskazini, nyanda za juu za Tigray, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Asubuhi kule unavaa sweta kama uko Limuru. Wageni wengi huja kwa sababu ya kanisa la Maria wa Sayuni na mapokeo ya sanduku la agano. Wenzangu walielekea huko. Mimi nilikawia kwenye makaburi.

Ukifika unaona mawe marefu yamesimama uwanjani, na moja, lile kubwa kuliko yote, limelala chini vipande vipande. Urefu wake ni kama mita 33, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 520. Limechongwa lifanane na jumba la ghorofa 13. Lina mlango, lina madirisha safu kwa safu, na vyote ni vya jiwe. Hakuna kinachofunguka. Wataalamu wengi wanaamini kwamba lilianguka wakati ule ule wa kulisimamisha. Yaani inawezekana halikusimama hata siku moja. Watu walilitoa kwenye machimbo ya Gobedra, kilomita chache magharibi ya mji, wakalichonga, wakalivuta, wakaliinua, na likawaponyoka.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kwenda chuo cha Biblia, na akili ile haijaniacha. Ukinionyesha jiwe la tani 520 kitu cha kwanza ninachouliza ni nani alilipa. Jina la mfalme wa jiwe lile lililoanguka, kwa uhakika, hakuna anayelijua. Majina ya waliovuta kamba ndiyo kabisa.

Mawe yale ni alama za makaburi. Makaburi yenyewe yako chini ya ardhi, mengine yamejengwa kwa mawe makubwa ndani ya shimo, mengine yamechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Unashuka ngazi, unainama, na baridi inakupokea. Kuna moja lenye ukumbi mrefu na vyumba kumi pembeni, vitano huku na vitano kule. Jingine linaitwa Kaburi la Mlango wa Uongo, kwa sababu ya jiwe lililochongwa kama mlango pale juu. Ndani yake kuna jeneza la jiwe, tupu. Wezi walifika zamani sana kabla ya watalii.

Sehemu ya haya tunayajua kupitia jirani yetu, kama naweza kusema hivyo. Neville Chittick, yule mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza yenye makao hapa Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichimba Aksum. Mwaka 1974 walipata kaburi la kuchongwa mwambani lenye matao ya matofali ndani yake, na humo wezi walikuwa wamesahau vitu: pembe za ndovu zilizonakshiwa, vyombo vya kioo, vitu vya chuma. Mtu aliwekewa vitu hivyo avitumie. Havikutumika. Viliokotwa na wageni na kuandikwa namba.

Sasa sikiliza kilichofuata. Karne ya nne, mfalme Ezana aliipokea imani ya Kristo. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, za baadaye zina msalaba. (Ukitaka kujua mtu anaamini nini, mhasibu atakuambia utazame pesa zake.) Na kuanzia hapo mawe makubwa yanakoma. Ufalme haukuwa umefilisika, uliendelea kuwa na nguvu karne mbili zaidi na kuuza bidhaa hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Wanahistoria wanauunganisha mwisho wa mawe yale na imani mpya.

Lakini makaburi hayakukoma! Hapo ndipo niliposimama nikafikiri. Nje kidogo ya mji kuna kaburi linaloitwa la mfalme Kaleb, wa karne ya sita, Mkristo. Ngazi zake ni za mawe yaliyopasuliwa na kuoanishwa bila chokaa, na yameshikana mpaka leo. Kazi safi. Ndani kuna misalaba iliyochongwa. Mapokeo ya Waethiopia yanasema Kaleb alituma taji lake Yerusalemu, akaacha kiti cha enzi, akamaliza maisha yake kama mtawa. Kwa hiyo injili iliondoa mnara, haikuondoa kaburi. Waliendelea kuzika, na kuzika vizuri.

Upande mwingine wa mji kuna uwanja wa mawe madogo yasiyochongwa, ambayo hayana dirisha wala mlango. Wakulima wanalima katikati yake. Inaaminika ni makaburi ya watu wa hali ya chini kidogo. Hata wao walitafuta jiwe wakalisimamisha. Hamu ya kumwekea mpendwa wako alama si ugonjwa wa matajiri peke yao, na mimi sitaki kuihubiri kama dhambi.

Mwaka mmoja baada ya sisi kurudi nyumbani vita vilifika kule. Shirika la Amnesty International liliandika kwamba mwishoni mwa Novemba 2020 mamia ya raia waliuawa Aksum, na kwamba watu waliojaribu kuchukua miili barabarani walifyatuliwa risasi. Baadaye waliwazika kwenye viwanja vya makanisa, wengi kwa siku moja. Soma hilo polepole. Watu wenye njaa na hofu, ambao hawangepata faida yoyote, walitoka nje wakachukua marehemu wao. Yeyote anayesema kwamba maiti ni maiti tu, kwamba mazishi ni gharama isiyo na maana, basi akawaambie watu wa Aksum.

Kwa hiyo nina mambo mawili mkononi ambayo hayakubaliani kirahisi. Marehemu anatudai kitu, na kitu hicho si jiwe la tani 520.

Nirudi kwa Abrahamu. Ukisoma Mwanzo 23 kwa jicho la sokoni utacheka. Efroni Mhiti anaanza kwa kusema lichukue tu bure, kama vile mwenye duka anavyokuambia "hiyo usijali" kabla ya kukutajia bei. Halafu anataja 400 kana kwamba si kitu. Abrahamu habishani. Anapima fedha mbele ya mashahidi langoni, na maandiko yanataja shamba, pango, miti yote na mipaka yake. Hiyo ni hati miliki kamili. Hiyo ndiyo ardhi aliyoimiliki katika nchi aliyoahidiwa yote.

Tofauti yake na Shebna iko wapi? Si bei, kwa maana Abrahamu huenda alilipa nyingi kuliko thamani yake. Kwanza, Abrahamu anamzika mtu mwingine. Shebna anajizika mwenyewe akiwa hai. Pili, Abrahamu alitoa alichokuwa nacho. Hakukopa kwa Wahiti, hakupitisha kofia. Tatu, na hili naona ndilo zito, pango lile liliwafaa waliobaki. Isaka, Rebeka, Lea, Yakobo, wote walilazwa humo. Lakini kwa Shebna tunaambiwa tu kwamba aliipa nyumba ya bwana wake aibu.

Kuna jambo la ajabu la kuongeza hapo. Mwaka 1870, kwenye kijiji cha Silwan, ng'ambo ya bonde kutoka Yerusalemu ya kale, Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alipata maandishi ya Kiebrania juu ya mlango wa kaburi la kuchongwa mwambani. Yako London, kwenye British Museum. Yalikuwa yameharibika hata yakakaa miaka mingi bila kusomeka sawasawa, mpaka Nahman Avigad alipoyafafanua mwaka 1953. Yanasema kaburi ni la mtu aliyekuwa msimamizi wa nyumba, cheo kile kile cha Shebna. Jina limevunjika, kimebaki kipande cha mwisho tu. Wapo wanaodhani ndiye, na sitawaapia. Ninachokipenda ni ujumbe wake. Anamwambia mwizi kwamba humu hakuna fedha wala dhahabu, ni mifupa yake tu na ya mjakazi wake, na anamlaani atakayefungua. Mtu amechonga kaburi la kifahari mlimani, halafu mlangoni anaandika tafadhali, mimi ni maskini!

Basi tuje nyumbani.

Mnajua jinsi kamati ya mazishi inavyokwenda. Siku ya kwanza ni maombi na chai. Siku ya pili anachaguliwa mwenyekiti na mweka hazina, na bajeti inasomwa. Mochari, jeneza, gari, mahema, viti, spika, ng'ombe wawili, fulana zenye picha ya marehemu, programu ya kurasa za rangi, mpiga video, na siku hizi hata droni. Sijawahi kuona mfiwa akiuliza bei ya jeneza mara mbili. Sokoni yeye ndiye mnunuzi dhaifu kuliko wote, kwa sababu amechoka, analia, ana haraka, na ameshawishika kwamba kupunguza bei ni kupunguza upendo. Waswahili walisema kufa kufaana, na wauzaji wanaielewa methali hiyo vizuri kuliko sisi.

Mama mmoja alikuja kuniona mwaka huu. Simtaji, wala sitasema ni wa tawi gani. Mumewe alikuwa ameugua miezi mingi. Akiba iliyobaki ilikuwa karo ya watoto watatu, muhula mmoja na nusu. Wazee wa ukoo walikuja na bajeti, na walipoona haitoshi wakapendekeza achukue mkopo wa SACCO kwa jina lake, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa watu na hawezi kuzikwa kama asiyejulikana. Mama yule hakuniuliza habari ya pesa. Aliniuliza: "Pasta, nikikataa, nitakuwa nimemdharau?"

Hilo si swali la hesabu, na nisingemtendea haki kama ningelijibu kwa kikokotoo. Nilimuuliza mumewe angedai nini kama angekuwa na sauti. Alinyamaza, kisha akasema, "Angeuliza watoto wamelipiwa shule."

Deni lazima liwe na mwenye kulidai. Marehemu ana madai ya kweli. Mwili wake usitupwe. Habari zake zisemwe kweli, si uongo mtamu wala masengenyo. Ahadi aliyoacha nusu njia imaliziwe. Watoto wake wasilale njaa, na mjane wake asinyang'anywe shamba na wale wale waliokuwa wakilia kwa sauti kubwa kaburini. Hayo ni ya kwake. Droni si yake. Hema la safu ya mbele la wageni mashuhuri si lake. Tukiongeza mstari kwenye bajeti kwa hofu ya watu watasemaje, hapo mdai ni jirani, na sisi tunamlipa jirani kwa hundi iliyoandikwa jina la marehemu. Nasema wazi kwamba huo ni uongo, hata ukifunguliwa kwa maombi.

Kinachonichoma zaidi ni tofauti ya magrupu mawili. Mtu akiwa hospitalini kunafunguliwa grupu ya WhatsApp ya kuchangia bili, na inasuasua. Watu wanasoma na kunyamaza, wanatuma mikono iliyokunjwa ya maombi. Akifa, grupu mpya inafunguliwa usiku huo huo, na kabla ya jua kuchomoza watu wametuma pesa ambazo zingemnunulia dawa. Nimeona namba zile zile za simu kwenye magrupu yote mawili. Sidhani watu wetu ni wabaya. Nadhani mchango wa mazishi husomwa kwa sauti, na mchango wa dawa hausomwi.

Mzee mmoja wetu, ninayemheshimu sana, alinipinga vikali nilipoyasema haya kwenye kikao. Alisema, "Mchungaji, wewe ni kijana. Maskini hajawahi kuketi mbele maisha yake yote. Hajawahi kupanda gari zuri. Hiyo siku moja mwachie." Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naliona kuwa pingamizi lenye nguvu kuliko yote niliyosikia. Kuna heshima ndani yake. Tena ana haki katika jambo lingine: watu waliosafiri usiku kucha kutoka mbali lazima wale, na chakula hicho ni ukarimu, si fahari. Msiba unatukusanya. Ukoo ambao haukuonana miaka kumi unaonana. Sitaki kanisa litakalozika watu kama linalofunga faili.

Lakini yule maskini hayuko ndani ya gari lile zuri kwa namna ambayo anaweza kuifurahia. Nikimheshimu kweli mtu ambaye hakuketi mbele, nafasi ya kumketisha ni Jumapili hii akiwa anapumua. Na ikiwa siku yake moja ya heshima italipwa na binti yake kuacha shule kidato cha pili, basi tumemheshimu kwa kumwibia. Nilimwambia mzee hivyo. Alitikisa kichwa, akasema tutaendelea kuongea. Bado tunaongea.

Kuna mwanamke mmoja kwenye Biblia ambaye namweka kando ya Shebna. Ni Rispa, kwenye 2 Samweli 21. Wanawe wawili waliuawa na miili ikaachwa wazi. Hakuwa na kamati, hakuwa na fedha, wala hakuwa na ruhusa ya kuzika. Alichukua gunia akalitandika juu ya mwamba akakaa. Tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, mchana alifukuza ndege na usiku alifukuza wanyama. Mwamba ule ule ambao Shebna aliutaka kwa jina lake, Rispa aliutumia kama kitanda cha kulinda. Habari ikamfikia mfalme Daudi, naye akaenda kuitafuta mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa Yabesh-Gileadi, akaizika kwa heshima pamoja na ya hao waliouawa. Mfalme alikuwa na uwezo huo miaka yote. Alikumbushwa wajibu wake na mwanamke aliyekuwa na gunia.

Jumatano hii saa kumi na mbili jioni tutasoma sura hiyo yote pamoja. Wale mlio kwenye kamati ya ustawi njooni na daftari la mwaka huu, na wafiwa wa mwaka huu mkiweza njooni pia, tungependa kusikia ni nini kilichowasaidia na ni nini kilichowaumiza. Mzee niliyemtaja amekubali kufungua mjadala, na ameniambia amejiandaa.